Kabla ya kumwaga dawa, tazama nani analala kwenye nyasi

Kuna swali ninalolidai kwa kila muuza pembejeo, kuanzia soko la Mahoko hadi Bigogwe: nyumbani kwako unafuga nini? Sijasikia likiulizwa. Mteja anaingia, anasema uani kwake wamejaa siafu au sisimizi, muuzaji anainama chini ya meza, anachota unga kwa kijiko na kuukunja ndani ya karatasi ya daftari la shule. "Mama, hii ni kali, hatabaki hata mmoja." Pesa zinatoka, karatasi inaingia kwenye mfuko mmoja na chumvi na kiberiti. Jina la dawa halipo. Kipimo hakipo. Maonyo yote yamebaki dukani, kwenye gunia lililofunguliwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Kanzenze, wilaya ya Rubavu. Udaktari wa mifugo sikuusomea. Ila nafuga mbwa, nafuga paka, nafuga sungura, na uani nina kipande cha ukoka ambacho hao wote hukitumia kuliko mimi. Mbwa huota jua hapo asubuhi, maana huku juu kuna baridi na jua halikai sana. Paka hujigaragaza hapo. Sungura, nikiwatoa, hula hapo hapo. Kwa hiyo chochote kinachomwagwa kwenye ukoka ule kimemwagwa kwenye miguu, manyoya na vinywa vyao.

Majirani zangu wanavyoifikia sumu haraka si jambo la kushangaza. Hii ni nchi ya viazi. Ukungu wa viazi haungoji, na mkulima asiyepuliza dawa msimu wa mvua anajua atavuna nini. Karibu kila nyumba ina bomba la kupulizia limening'inia ukutani, na karibu kila nyumba ina chupa yenye dawa iliyobaki. Sisimizi wakianza kuinua vichuguu vya udongo kwenye ukoka, mkono unaenda kwenye kile kilicho karibu. Wengine humwaga hata dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Siwalaumu. Nalaumu mazoea ya kuuza sumu kwa kijiko, na nalaumu ukimya wa wanaojua.

Msimu mmoja wa mvua jirani yangu alinyunyiza unga wa aina hiyo juu ya vichuguu mbele ya mlango wake. Mbwa wake alilala pale pale alipozoea kulala, kisha akajilamba miguu kama mbwa wote wanavyofanya. Jioni mate yalimtoka kama maji, misuli ikamtetemeka, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Watu walimnywesha maziwa, kwa sababu tangu utotoni tumeambiwa maziwa hukata sumu. Hayakukata. Alikufa kabla ya alfajiri, na watoto wa nyumba ile walikuja shuleni siku hiyo macho yamevimba.

Dalili zile zina maelezo yake. Dawa nyingi za unga na za maji zinazouzwa kwa wakulima ni za jamii ya ogano-fosifeti au kabameti. Zinamuua mdudu kwa kuzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, kwa hiyo mishipa inaendelea kutuma amri bila kukoma mpaka mwili unashindwa. Kimeng'enya hicho hicho kipo ndani ya mbwa, ndani ya paka, ndani ya mtoto anayetambaa. Mojawapo ya dawa hizo, klopairifosi, Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu mwaka 2020. Tiba ya sumu hizi ipo hospitalini na kwa daktari wa mifugo, nayo ni sindano ya atropini, lakini daktari anahitaji kujua mnyama amekula nini. Karatasi ya daftari haimwambii kitu.

Kenya waliliona jambo hili kwa ukubwa wake. Furadan ilikuwa dawa ya chembechembe ya kuua wadudu wa udongoni, yenye kabofurani ndani. Wafugaji waliokasirishwa na simba kula ng'ombe wao waliipaka kwenye mizoga. Simba walikufa, fisi wakafuata, na tumbusi walioshuka kula mzoga hawakuruka tena. Kelele zilipokuwa kubwa mwaka 2009, kampuni ya Marekani iliyoitengeneza, FMC, iliiondoa sokoni Kenya, Tanzania na Uganda. Sumu ile ilitengenezwa kwa ajili ya mdudu mdogo shambani, ikaishia kwenye tumbo la simba. Mbwa wangu hana wa kumpigia kelele za namna hiyo, ndiyo maana naandika.

Sasa wapo watakaoniambia: tumia pareto, ni ua letu, ni dawa ya asili. Hapa lazima niende polepole, kwa sababu jambo hili linatuhusu sana sisi wa chini ya volkano. Maua meupe ya pareto yanalimwa Musanze, Burera, Nyabihu na huku kwetu Rubavu, yanachumwa kwa mkono, yanakaushwa na kupelekwa kiwanda cha Sopyrwa pale Musanze, na mafuta yake husafirishwa nje. Kwa ajili ya zao hili, mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikatwa takriban hekta 10,000 za Mbuga ya Volkano, msitu wa sokwe, zikagawiwa wakulima. Ua hili limetugharimu. Na kweli nguvu yake ina sifa njema: mwanga wa jua huivunja haraka, haikai kwenye udongo miezi na miezi.

Lakini sifa hiyo ndiyo iliyowakera wakulima wa mashamba makubwa, waliotaka dawa inayodumu. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakaiga umbo la dawa ya pareto na kutengeneza pamethrini, ambayo jua haliivunji upesi. Leo pamethrini na ndugu zake, kama saipamethrini, zimejaa madukani, na wauzaji wengi wanaziita tu "pareto". Mbwa huzivumilia kwa kiasi. Paka hawezi. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja pamethrini, kwa hiyo kiasi ambacho mbwa angekipita kinamtupa paka kwenye degedege. Samaki na nyuki nao hawaziwezi. Dawa iliyoandikwa kwamba ni ya kupe au viroboto wa mbwa isimguse paka kamwe, na ukoka uliopulizwa usikanyagwe na paka mpaka ukauke kabisa. Sungura nao wana adui wao: fiproni, dawa ya viroboto inayotumika kwa mbwa na paka, inaweza kumuua sungura.

Basi tufanye nini na wadudu wenyewe? Kwanza tuwatofautishe, maana tunawapiga wote fimbo moja.

Wale sisimizi weusi wadogo wanaoinua udongo kwenye ukoka hawali nyasi. Wanachimba, wanapitisha hewa ardhini, wanabeba maiti za wadudu wengine. Mara nyingi wamekuja kwa sababu ya vidukari walioko kwenye waridi au kwenye mboga kando ya ukoka, ambao huwakamua utamu wao. Osha vidukari kwa maji ya sabuni na shughuli ya sisimizi hupungua. Kichuguu kimoja kimoja unaweza kukisawazisha kwa reki kila kinapoinuka, nao huhama wakichoka. Kwa maoni yangu, ukoka wenye sisimizi ambao hawamuumi mtu hauna ugonjwa wowote, na tamaa ya kuwa na uani mtupu kama sakafu ndiyo inayoua mbwa wetu.

Wakiwa wanauma, au wameanza kuingia jikoni, maji yanayochemka yanatosha kwa vichuguu vichache. Subiri asubuhi yenye jua baada ya usiku wa baridi, ambapo huwa wamepanda juu kutafuta joto pamoja na mayai na viluwiluwi vyao. Mfungie mbwa ndani, mwaga birika zima taratibu katikati, rudia baada ya siku chache. Nyasi za pale zitaungua, zitaota tena. Katika udongo wetu wa mawe ya volkano, haya makoro, maji hupotea upesi kabla ya kufika chini, kwa hiyo usikate tamaa kwa birika la kwanza. Na kumbuka kwamba sumu nayo hupotea chini upesi vivyo hivyo.

Kwa kundi sugu kuna chambo cha unga wa boriki, unaopatikana kwenye maduka ya dawa. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo, vijiko sita vya chakula vya sukari, vikombe viwili vya maji ya vuguvugu. Usiongeze unga ukidhani utaharakisha: sisimizi akifia njiani hafikishi chochote kwa malkia, na malkia asipokufa umefanya kazi bure. Loweka pamba, iweke ndani ya kopo lenye mfuniko uliobana, toboa vitundu vya kupita sisimizi tu, kisha likandamize kwa koro zito ambalo mbwa hawezi kulipindua. Boriki nayo ni sumu ikiliwa kwa wingi, na mbwa anapenda tamu kama mtoto, kwa hiyo kopo ndilo linaloifanya njia hii iwe salama. Unga wa daiatomaiti, ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil nchini Kenya, hukausha wadudu bila sumu, lakini ukilowa haufanyi kazi, na Kanzenze mvua ni jirani wa kila wiki. Mafuta ya taa naomba yaachwe kwenye taa. Mbwa akiyalamba yakaingia mapafuni, humwoni tena akipumua vizuri. Masalia ya kahawa nayo, yanayosifiwa sana, yana kafeini, na kafeini humdhuru mbwa.

Siafu ni habari nyingine kabisa. Hawa, intozi kwa Kinyarwanda, wanaotembea kwa safu usiku na kuingia nyumba kama jeshi, hawana kichuguu cha kudumu ukokani cha kumwagia chochote. Kundi lao linaweza kufikia mamilioni mengi, wanakaa mahali kwa muda, kisha wanahama na malkia wao. Ukimwaga sumu juu ya safu umeua waliokuwa barabarani, wengine wamebadili njia, na asubuhi siafu hawapo lakini sumu ipo, mbwa naye anafunguliwa. Wazee wa huku wanajua: siafu wakipita ndani ya nyumba, mende, kunguni na panya wamekwisha. Wape njia.

Hatari ya siafu ni kwa yule asiyeweza kukimbia. Mbwa aliyefungwa mnyororo. Kuku aliyefungiwa bandani na vifaranga wake. Sungura kwenye kizimba. Ndama aliyefungwa kamba. Hao huingiwa puani na machoni, na wanaweza kufa ilhali saa mbili kabla walikuwa wazima kabisa. Kwa hiyo usiku wa siafu mkono wa kwanza uende kwenye mnyororo, si kwenye chupa. Fungua mbwa, beba sungura, toa kuku. Kisha mwaga majivu ya moto kiasi kukata njia inayoelekea mlangoni. Miguu ya kizimba cha sungura isimame ndani ya makopo yenye maji na matone ya sabuni, wakati wote, si siku ya siafu tu. Sabuni huondoa ule utando wa juu unaomfanya mdudu aelee. Wengine hutia oili chafu ya gari. Usitie. Sungura na paka watailamba.

Na mnyama akiwa tayari ameguswa na dawa, mate yanamtoka au anatetemeka, mwoshe kwa maji mengi na sabuni huku umevaa mifuko ya plastiki mikononi, usimtapishe, usimpe maziwa, mkimbize kwa daktari wa mifugo wa umurenge, yaani wa eneo lako, ukiwa na pakiti mkononi. Pakiti, si maelezo ya mdomo.

Hapo ndipo narudi kwa wauzaji na kwa wanaowasimamia. Rwanda ina sheria ya kemikali za kilimo tangu 2012, na maduka yanakaguliwa. Naomba ukaguzi uangalie kijiko. Dawa isiyoweza kuuzwa ndani ya pakiti yake isiuzwe. Kama kipimo kidogo kabisa ni kikubwa kwa mwenye ukoka wa hatua kumi, basi huyo hakuihitaji. Naomba pia maandishi. Mpakani hapa bidhaa nyingi hupita kati ya Goma na Gisenyi zikiwa na maelezo ya Kifaransa au Kiingereza, ilhali wanaozinunua wanazungumza Kinyarwanda na Kiswahili, na Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Wanafunzi wangu wanaweza kutafsiri kibandiko cha dawa katika kipindi kimoja, na nitasahihisha mwenyewe bila malipo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, tunakaa kikao. Huzungumzwa usalama, bima ya afya, mifereji ya maji. Naiomba ofisi ya umurenge impe daktari wa mifugo robo saa tu kabla mvua za Septemba hazijaanza, aje na pakiti tatu nne za dawa zinazouzwa hapa kwetu, aonyeshe ipi inaua paka na ipi inaua sungura, na wauza pembejeo wakae mstari wa mbele.