Aliyeketi Kule Upepo Unakotoka
Na Mwana wa Chania

Jumanne niliendesha gari langu kuukuu, Probox, kutoka Ruiru hadi kwa dadangu viungani mwa Thika. Ilikohoa mara mbili tu. Nilifuata sukuma wiki. Nikamkuta dadangu akianua nguo mbiombio, utadhani mvua imekuja, na jua la saa sita linachoma.

Mvua ilikuwa ikitoka ng'ambo ya ua. Kijana kabeba pampu mgongoni, leso puani, anapiga dawa miparachichi. Mdomo wa pampu kauelekeza juu, presha kaipandisha, dawa inatoka kama moshi. Matone laini namna hiyo hayatui kwenye jani, yanapanda upepo na kwenda zake. Yalishukia sukuma, mashuka, kuku na mimi.

Mwenye shamba nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi, kule upepo unakotoka. Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Msiniambie tena wakulima hawajui. Kiti kile hakikujiweka pale.

Nikamwambia: piga dawa alfajiri upepo ukiwa mtulivu, punguza presha, weka mdomo wa pampu wa matone makubwa, na mstari wa ukingoni upigwe kuelekea ndani. Maana miti ya mikima iliyokuwa ikikinga upepo mpakani alishaiuza mbao, apate nafasi ya miparachichi zaidi ya Hass.

"Mzee, hii dawa ni ya bei, haidhuru mtu."

Ya bei! Na anawagawia kuku wa watu bure.

Najua msomaji wangu mmoja, Profesa wa barua ndefu, ataandika kwamba mashamba yalitangulia, watu wa ploti wakafuata. Kweli. Wazee wetu walipiga kahawa dawa ya shaba hadi mashati yakawa buluu, lakini jirani alikuwa mti mwingine wa kahawa. Tena watafiti wa Ruiru waliwapunguzia kazi mwaka 1985 kwa aina ya kahawa ya Ruiru 11, inayohimili kutu ya majani na ugonjwa wa buni. Leo kahawa imeng'olewa, ploti zimeota, na kitanda cha mtoto kiko hatua kumi kutoka kwenye mti.

Sukuma tulimwaga. Jumanne ijayo narudi na kiti changu. Nitakiweka kwa dadangu, kule upepo unakoelekea, nimkaribishe bwana yule aje tunywe chai.