Kodi ya intaneti yawaumiza wa mpakani

Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kuwatoza wananchi shilingi 200 kwa siku ili wafungue WhatsApp, Skype au Facebook. Rais Museveni alikuwa amelalamikia umbeya wa mitandaoni. Wengi waliikwepa kwa VPN, na Julai 2021 ikaondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti.

Ni kweli kampuni za simu ndizo zilizojenga minara na kulipia leseni, na simu ya intaneti hupita humo humo. Lakini anayeipiga tayari amelipia bando! Mama anayevusha viazi Katuna huuliza bei ng'ambo kabla hajapakia. Nasi tuliosomea ukimbizini tunao ndugu waliobaki huko. Zamani tulingoja barua kwa majuma.

Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilikubaliana kupunguza gharama za simu za kawaida baina yao. Simu hiyo ikiwa nafuu, mteja hurudi mwenyewe bila kusukumwa na kodi. Wadhibiti wa mawasiliano waanzie hapo, tena kwa mipaka yote ya Jumuiya.