Tarumbeta ya Kijana na Masikio ya Baba



Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa Tarime, kwa kuwa si la nyumba yake peke yake. Mugumu nako tumelisikia. Kijana wake ana miaka 15 na anapiga tarumbeta katika bendi ya kanisa. Jioni anasikiliza kwenye simu muziki wa jazi wa Mmarekani mweusi anayepiga tarumbeta na kuimba. Baba amesema hiyo ni sauti ya mlevi na muziki wa baa, na ameagiza tarumbeta irudishwe kanisani kabla ya mwisho wa mwezi. Mama anauliza: amtii mume, au amtetee mtoto?

Tuliutafuta kwanza muziki wenyewe, tukausikiliza mwanzo hadi mwisho huku tukichambua maharage. Ni santuri ya mwaka 1956 iitwayo Ella and Louis. Louis Armstrong anaimba na kupuliza, Ella Fitzgerald anaimba, na nyuma yao wako watu 4 tu: piano, gitaa, besi na ngoma. Nyimbo ni 11.

Neno jazi ndilo linalotupotosha. Kwetu Mara, ukilitaja, wazee wanakumbuka Mara Jazz ya Musoma, au Tabora Jazz na Morogoro Jazz: magitaa na dansi. Hii ni kitu kingine. Ni nyimbo za mapenzi zilizozoeleka Marekani, nyingi zimetungwa kwa ajili ya sinema na maigizo, na kila mwimbaji huzirudia kwa namna yake, kama kwaya zetu zinavyorudia tenzi zile zile. "Cheek to Cheek", kwa mfano, Irving Berlin aliitunga kwa ajili ya sinema ya mwaka 1935. Inasifu kucheza shavu kwa shavu. Ndiyo, ni mapenzi, lakini hamna tusi. Nyimbo tunazopigiwa kwenye mabasi ya Mwanza zina makubwa zaidi, na hakuna baba anayemwambia dereva azime.

Kuhusu sauti, baba amesikia ulevi. Sisi wauguzi tunasikia koo. Armstrong alikuwa na sauti ya kukwaruza tangu ujana wake. Mwaka 1936 alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti, na sauti haikuwa laini. Midomo nayo iliumia mara nyingi kwa kupuliza kwa nguvu, hata madaktari wakaupa msuli wa mdomo unaochanika kwa wapiga tarumbeta jina lake la utani, Satchmo.

Tena sikilizeni jambo hili. Mpiga litungu wetu anaweza kupiga na kuimba kwa pamoja, maana kazi ya kupiga ni ya mikono. Mpiga tarumbeta ana mdomo mmoja kwa kazi mbili. Akiimba, chombo kinanyamaza. Katika santuri hii Armstrong anakiweka chini kwa muda mrefu, anamwacha Ella amalize kwa sauti yake nyororo, ndipo anaingia na ukwaruzaji wake. Tarumbeta ile ingeweza kumfunika mama yule kabisa, na haikumfunika.

Mtu huyu alizaliwa New Orleans mwaka 1901, katika umaskini. Usiku wa kuamkia mwaka 1913, akiwa na miaka 11, alifyatua bastola barabarani, akapelekwa katika nyumba ya watoto watukutu. Huko ndiko mwalimu wa bendi, Peter Davis, alikomfundisha kupiga koneti, ambayo ni ndugu wa tarumbeta. Mwaka 1960 alizunguka Afrika na bendi yake, akafika hadi Nairobi.

Karibu nasi zaidi yuko Padre Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1960 hadi 1968. Kabla ya hapo, akiwa Afrika Kusini, alikuwa na mwanafunzi mtukutu, Hugh Masekela, aliyemwambia kwamba akipata tarumbeta hatasumbua mtu tena. Padre alimnunulia. Masekela naye akawa mpiga tarumbeta na mwimbaji aliyejulikana duniani.

Hatumtoi Armstrong awe kielelezo cha ndoa. Alioa mara 4. Wala hatusemi mama ampinge mume mbele ya mtoto, au amfichie kijana tarumbeta kwa jirani. Chagua saa ambayo baba ameshakula na kupumzika. Mwambie: "Baba Chacha, keti tusikie wimbo mmoja tu." Ukiisha, muulize kijana wenu alikuwa wapi jioni zote kabla hajapewa tarumbeta, kisha umwache ajibu mwenyewe. Akisema bado irudishwe, omba mzee wa kanisa anayesimamia bendi aje mzungumze watatu.

Na kwa kuwa bendi nyingi zina tarumbeta chache na wapigaji wengi: sehemu ya kupulizia huchomoka. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kumpa mwingine. Mwenye malengelenge mdomoni asiazime, na aliyekohoa wiki mbili au zaidi aende kwanza kituo cha afya apimwe kifua kikuu.