Tajiri Hauzi Timu, Shabiki Afanye Nini?

 Sogezeni viti. Wiki hii sina stori ya mtu kafumaniwa gesti wala ya sista du kamlia mtu mshiko akaingia mitini. Nina uchungu na timu, tena siyo Simba wala Yanga. Timu yenyewe iko Unyamwezini, mji wa Chicago, na inaitwa White Sox.

Kuna watakaouliza White Sox ndiyo nini. Usijifanye huijui bwana! Ile kofia nyeusi yenye maandishi meupe ya "Sox" yaliyokaa mshazari, ambayo wana rap wa Marekani waliivaa sana miaka ya 90, ndiyo yao. Mpaka leo ukipekua mitumba unaweza kukutana nayo. Wengi wanaitinga kwa ubishoo tu, hawana habari ni ya nani. Sasa kwa taarifa yako, wenye kofia hiyo mwaka 2024 walifungwa mechi 121. Hujakosea kusoma. Mia moja ishirini na moja!

Mchezo wao ni besiboli. Mmoja anarusha kijimpira, mwingine anakitandika kwa gongo kisha anatimua mbio kuzunguka vituo vinne. Msimu mmoja una mechi 162, kwa hiyo karibu kila siku wako uwanjani. White Sox mwaka huo walishinda 41 tu. Toka karne ya 20 ianze, hakuna timu ya ligi kuu iliyopigwa mara nyingi namna hiyo kwa msimu mmoja. Rekodi ya zamani ilikuwa ya New York Mets, vipigo 120 mwaka 1962. Lakini Mets ndiyo kwanza walikuwa wanaanza, huo ulikuwa msimu wao wa kwanza kabisa. Hawa wa kwetu wana zaidi ya miaka mia!

Kuanzia Julai 10 mpaka Agosti 5 walifungwa mechi 21 mfululizo. Mtu anaamka, anakunywa chai, timu imefungwa. Anaenda kazini, anarudi, imefungwa tena. Siku tatu baadaye, Agosti 8, ndipo uongozi ukaona kumbe kuna tatizo, kocha Pedro Grifol akafungashiwa virago. Du! Mgonjwa kashazikwa ndiyo mnamwita daktari?

Cha kuchekesha na kuliza kilikuja mwishoni mwa Septemba. Timu ilirudi nyumbani ikiwa na vipigo 120, kucheza mechi tatu na Los Angeles Angels. Kuna watu wakakata tiketi kabisa ili washuhudie historia ya aibu kwa macho yao. Unajua kilichotokea? White Sox wakashinda zote tatu! Yaani hata kufungwa, siku ambayo watu wamelipa kiingilio kuwaona wakifungwa, wakashindwa. Rekodi wakaenda kuivunjia ugenini kwa Detroit Tigers, Septemba 27, walipolala 4-1. Lakini pale nyumbani jukwaa lilishasema lake. Watu waliimba timu iuzwe, timu iuzwe, mpaka mwenyewe nadhani masikio yalimwasha.

Mwenyewe ni nani? Ni mzee Jerry Reinsdorf, aliyezaliwa mwaka 1936. Yeye na wenzake waliinunua White Sox mwaka 1981 kwa dola milioni 19. Leo inakadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 2. Biashara hiyo jamani!

Na usidhani humjui. Huyu ndiye tajiri wa Chicago Bulls, ile ya Michael Jordan, iliyobeba ubingwa wa kikapu mara sita kati ya mwaka 1991 na 1998. Jordan alipojitia kuacha kikapu akataka kucheza besiboli, ni White Sox hao hao waliompokea mwaka 1994 na kumpeleka timu yao ndogo ya Birmingham Barons. Huko wastani wake wa kupiga ulikuwa .202, maana yake katika kila mara mia alizohesabiwa alifanikiwa kama ishirini tu. Iliripotiwa kuwa hata hivyo mzee aliendelea kumlipa mshahara wake wa kikapu.

Hapo ndipo utamjua Reinsdorf. Ni mtu wa kujali watu wake, ukishakuwa wake ni wake. Kama jirani, huyo ni jirani bomba. Lakini timu siyo familia, na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Mwaka 2020 White Sox walikuwa na vijana wa moto kweli, wakaingia mechi za mtoano. Kila mtu alijua mambo yameiva, anatakiwa kocha wa kileo wa kuwamalizia kazi. Mzee akafanya nini? Akamrudisha rafiki yake wa siku nyingi, Tony La Russa, mwenye miaka 76, ambaye toka mwaka 2011 hakuwa amefundisha timu. Sikatai, La Russa ni gwiji mwenye vikombe vyake. Ila White Sox hii hii iliwahi kumtimua mwaka 1986, na Reinsdorf alikuwa na majuto ya miaka yote. Sasa majuto ya tajiri ndiyo ajira?

Mei 2021 kijana mmoja anaitwa Yermin Mercedes aliutoa mpira nje ya uwanja wakati timu yake inaongoza kwa mbali. Bao zuri tu. Kocha wake mwenyewe akamsema hadharani kwamba hana adabu za mchezo. Kesho yake mrushaji wa timu pinzani akautupa mpira nyuma ya mgongo wa dogo, na La Russa akasema haoni tatizo. Kijana aliyeanza msimu kwa kupiga mara nane bila kukosa, Julai akarudishwa timu ndogo.

Mwaka huo hata hivyo walishinda mechi 93 wakaongoza kundi lao, halafu Houston Astros wakawatoa 3-1. Toka hapo ni mteremko tu. Juni 9, 2022, wanacheza na Dodgers. Mpigaji Trea Turner ameshakosa mara mbili, na ukikosa mara ya tatu unatoka. La Russa akaamuru apewe kituo cha bure! Ni kama kipa anakaribia kuudaka mpira, kocha anamwambia mwachie kwanza. Aliyefuata, Max Muncy, akautandika mpira mpaka nje ya uwanja, pointi tatu papo hapo. Dodgers wakashinda 11-9. Mashabiki wakaanza kuimba kocha afukuzwe, wapi! Aliondoka baadaye kwa sababu ya afya yake.

Agosti 2023 mzee alishtuka kidogo. Akawatimua vigogo wawili waliokuwa wanaendesha timu, Ken Williams na Rick Hahn. Mashabiki wakashangilia, wakasema sasa ataletwa mtu wa nje mwenye macho mapya. Siku tisa hazijaisha, akampandisha Chris Getz, aliyekuwa humo humo ndani akisimamia uendelezaji wa wachezaji. Maelezo yalikuwa kwamba mgeni angechukua muda mrefu kuijua timu. Haya, mwenyeji akapewa, na mwaka uliofuata ndiyo huo wa vipigo 121. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana.

Kwenye wachezaji ndiyo usiseme. Mwaka 2016 walimtoa kijana wa miaka 17, Fernando Tatis Jr., ili wampate mrushaji James Shields ambaye jua lake lilishaanza kuzama. Mwaka 2021 Tatis akasaini San Diego Padres mkataba wa dola milioni 340. White Sox wenyewe mkataba mnono kuliko yote waliyowahi kutoa, mpaka wanamaliza msimu ule wa 2024, ulikuwa wa Andrew Benintendi, dola milioni 75 kwa miaka mitano. Mji wa Chicago huo, siyo kijiji!

Mwingine ni Chris Sale. Huyu alikuwa mkorofi, mwaka 2016 alizikata jezi kwa kisu kwa vile hakupenda mshono wake. Wakamuuza Boston, akachukua ubingwa mwaka 2018. Na mwaka 2024, wakati White Sox wanaogelea kwenye aibu, Sale alikuwa Atlanta akitwaa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Andrew Vaughn naye mwaka 2025 alionekana kimeo, akapelekwa Milwaukee. Mara yake ya kwanza kushika gongo kule akautoa mpira nje ya uwanja. Mchezaji mmoja akifufuka baada ya kuhama ni bahati. Wakifufuka wengi, basi ugonjwa uko nyumbani.

Sasa msomaji wangu utauliza, timu ikifungwa mechi 121 si inashuka daraja? Hapo ndipo siri ilipo. Ligi za Wamarekani hazina kushuka daraja! Ufungwe usifungwe, mwakani uko palepale na mgao wa televisheni unaupata. Huku kwetu tajiri wa timu halali mwezi wa mwisho wa ligi. Reinsdorf analala fofofo. Mwaka 2024 huo huo wa aibu zikatoka habari kwamba anatafuta fedha za umma, kiasi cha dola bilioni 1, ajengewe uwanja mpya. Uso mkavu!

Hivyo shabiki amebakiwa na vitu viwili tu, mdomo na mfuko. Mdomo ameshautumia. Mfuko nao umeanza kusema: mwaka 2022 walioingia uwanjani walizidi milioni 2, mwaka 2024 hawakufika hata milioni 1.5. Kuna wanaowaita hao waliosusa wasaliti, eti shabiki wa kweli haikimbii timu. Mimi nasema hapana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Unayeendelea kununua tiketi na jezi huku unalalamika, tajiri hasikii malalamiko, anasikia mlio wa pesa. Aliyekaa nyumbani kwa uchungu anaipenda timu kuliko aliyeenda kupiga makofi kwa mazoea. Kuhamia kwa Cubs, wapinzani wao wa mji huo huo, hilo ndilo la kusamehewa na Mungu tu.

Mwaka 2025 mambo yalitulia kidogo, vipigo 102. Tunaita hayo maendeleo! Ila ni msimu wa tatu mfululizo wa vipigo zaidi ya mia. Mwaka huo huo Chicago ilipata Papa, Leo XIV, na kaka yake akathibitisha kuwa Baba Mtakatifu ni mtu wa White Sox damu damu. Picha za zamani zikamwonyesha jukwaani kwenye mechi ya kwanza ya fainali za mwaka 2005, walipochukua ubingwa baada ya kuukosa miaka 88. Kama Papa anavumilia, na wewe jikaze.

Juni 2025 yakatangazwa makubaliano na tajiri mwingine, Justin Ishbia. Lakini soma vizuri: Reinsdorf anaweza kumwachia timu kati ya mwaka 2029 na 2033 akipenda mwenyewe. Ishbia kudai kuinunua ni mpaka msimu wa 2034 upite. Kwa hiyo anayetegemea tajiri mpya wa haraka haraka ajipange. Mpaka hapo mzee ndiye mwenye kauli, na ninyi wa Chicago hela za tiketi mnazo ninyi.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na wewe bishoo unayevaa kofia usiyoijua, sasa ukiulizwa usitoe macho.