Mikono Iliyomshika Marega

KUTOKA JUKWAANI
Na Zuhura Makame

Ukiitazama ile video ya Guimarães, mwache kwanza Moussa Marega. Tazama mikono.

Ni Februari 16, 2020. Mshambuliaji huyo wa Mali ameifungia Porto bao la pili dakika ya 60, kwenye uwanja wa klabu aliyowahi kuichezea. Milio ya nyani inayomwandama inazidi, viti vinarushwa. Anaonyesha ngozi ya mkono wake, anachoambulia ni kadi ya njano. Dakika kama kumi baadaye anasema basi, anaondoka. Hapo mikono inaingia: huu unamvuta jezi, huu unamkumbatia, huu unamziba njia. Mingi ni ya wenzake wa Porto.

Sidhani walikuwa na nia mbaya. Waliongoza 2-1, pointi tatu zilikuwa zinanukia. Ndivyo tunavyomwambia kila anayetukanwa: vumilia, wajibu kwa mabao. Marega alikuwa ameshawajibu kwa bao!

Sisemi watu wafanye ya Eric Cantona, aliyemrukia shabiki kwa teke pale Selhurst Park mwaka 1995 akafungiwa miezi minane. (Nakiri, nilipoiona mara ya kwanza nilipiga makofi.) Dani Alves naye alirushiwa ndizi Villarreal mwaka 2014, akaiokota, akaimenya, akaila, akapiga kona. Tulicheka sana. Lakini ucheshi ule ni kipaji chake, huwezi kumdai kila beki.

Ninachokitaka kilionekana Udine, Januari 2024. Kipa wa AC Milan, Mike Maignan, alimweleza mwamuzi yanayotoka nyuma ya lango lake. Yalipoendelea, akatoka. Safari hii hakuna aliyemvuta jezi: wenzake walimfuata, mchezo ukasimama. Baada ya dakika chache walirudi, wakashinda 3-2. Kutoka kwa mmoja huitwa hasira. Wakitoka kumi na moja, mwenye uwanja, mwenye ligi na mwenye televisheni wote wana tatizo.

Nasi tusijifanye ni mambo ya Wazungu. Tuna utani wetu wa jadi, na naupenda; mtani hukucheka leo, kesho yuko msibani kwako. Matusi ya nguoni si utani. Kuna uwanja mmoja wa mkoani ambako jukwaa liko karibu na lango kiasi cha kumsikia kipa akikohoa. Siku moja kijana mmoja alimtukania kipa mama yake tangu mpira uanze hadi mapumziko. Kipa aligeuza shingo mara moja tu, akarudi kupanga mabeki wake. Hao mabeki hawakugeuka. Nami, niliyekaa viti viwili kutoka kwa yule kijana, nilisogeza mkoba wangu, nikaendelea kumenya karanga.