Reli ya Kalemie–Kabalo: tupime nini kwanza?

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Septemba 2019, treni ilianguka Mayibaridi, hapa Tanganyika. Machi 2022 ingine ikaanguka Buyofwe, katika Lualaba, na watu zaidi ya 60 wakafa. Kila mara tunasikia neno lile lile: reli imezeeka, ibadilishwe. Ni kweli, njia hii ilifika ziwani Kalemie tangu 1915. Lakini mbele ya kununua chuma kipya, tuulize: nani amepima, na amepima nini?

Reli si chuma tu. Chini ya chuma kuna traversi, chini yake balasti, yaani yale mawe yaliyovunjwa, na chini kabisa iko udongo. Uzito wote wa treni unashuka mpaka kwenye udongo. Kila tabaka iko na ugonjwa wake, na kila ugonjwa na kipimo chake. Mtu mwenye homa hatumwi kwanza kupigwa picha ya mfupa.

Tuanze na balasti. Kipimo kinachojulikana sana kinaitwa Los Angeles. Mawe yanatiwa ndani ya pipa la chuma pamoja na mipira ya chuma, pipa linazungushwa mamia ya mara, kisha wanachekecha na kupima kiasi kilichogeuka unga. Unga ukiwa kidogo, jiwe ni nguvu. Lakini kipimo hicho kinafanywa pakavu. Kuna kingine, Micro-Deval, kinachosugua mawe pamoja na maji. Jiwe linaweza kupita cha kwanza na kuanguka cha pili. Kwetu, ambako mvua inanyesha miezi mingi, kukiacha hicho cha pili ni kujidanganya. Unga wa mawe ukichanganyika na maji unakuwa matope, maji hayatoki tena, na traversi zinaanza kucheza.

Udongo nao ni hivyo. Kipimo cha CBR kinaonyesha kama udongo unabeba uzito. Sampuli inaweza kulowekwa ndani ya maji siku 4 mbele ya kukandamizwa, ao ikapimwa vile ilivyo. Reli yetu inafuata bonde la Lukuga, pahali pa maji. Jibu la udongo mkavu wa mwezi wa saba halitatusaidia mwezi wa kwanza.

Kwa chuma, laboratwari inakata kipande, inakivuta mpaka kikatike, inapima ugumu wake. Hiyo ni nzuri kwa reli mpya zinazopokelewa. Kwa reli ya zamani haitoshi, kwa sababu kipande kimoja hakisemi kitu juu ya ufa uliojificha kilomita 100 mbele. Huko kunahitajika mashine ya mawimbi ya sauti, inayopita juu ya reli yenyewe bila kukata.

Pesa zikiwa kidogo, sisi tunaona udongo na balasti vitangulie. Vipimo vyake si vya bei kali, na mafundi wa barabara wanajua CBR na Los Angeles tangu zamani. Office des Routes iko na Laboratwari ya Taifa ya Kazi za Umma. Chuma kipya juu ya matope kitapinda tu.

Wengine watasema: hatutaki labo, tunataka treni. Tunawaelewa. Mama anayepeleka ndagala Kabalo juu ya magunia, ndani ya treni ya mizigo, hana barabara ingine. Lakini ni yeye atakayelipa kama kipimo kilichaguliwa vibaya.

Kwa hiyo, siku kampuni itakapokuja na mradi, tuulize wazi. Sampuli zilichukuliwa wapi, na msimu gani? Zililowekwa? Nani alichagua mawe ya kupima: mkaguzi, ao yule mwenye kuuza mawe? Majibu yaandikwe na yabandikwe kwenye gare, kila mtu asome.