Jina la mtoto liandikwe wapi?



Shule zinapofunguliwa mwezi Januari, fedha nyingi ya nyumbani huishia dukani kwa muuza sare. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 shule za serikali hazidai ada kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, lakini sweta, viatu, begi na madaftari bado ni mzigo wetu. Na kwa kuwa watoto wengi wa shule za msingi huvaa shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu, sweta ya mwanao haitofautiani na ya mwenzake hata kidogo. Wiki ya pili haijaisha, mtoto anarudi bila sweta. Ukimuuliza anasema, "Niliiweka pale chini ya mti, kurudi sikuikuta." Hapo wengine wetu hushika fimbo, kumbe mwenzake ameichukua kwa kudhani ni yake. Nasi wa Singida tunajua upepo wa mwezi wa sita na wa saba unavyokata asubuhi. Mtoto hukaa darasani akitetemeka badala ya kumsikiliza mwalimu.

Kwa hiyo kutia alama vitu vya mtoto si anasa. Wazee wetu hapa walijua hivyo zamani: mbuzi wa nyumba fulani hujulikana kwa sikio lililokatwa ncha, na ng'ombe kwa chapa ya moto. Swali langu la mwezi huu ni hili: jina la mtoto tuliandike wapi, na pamoja na jina tuandike nini?

Nauliza kwa sababu ya mambo ninayoyaona njiani niendapo kazini. Mabegi mengi yameandikwa mgongoni kwa wino mnene: jina la mtoto, jina la baba, darasa, shule, na chini kabisa namba ya simu ya mama. Mafundi cherehani nao hudarizi jina kamili kifuani mwa sweta kwa uzi wa njano unaosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mama aliyefanya hivyo amefanya kwa upendo, tena amelipia. Lakini hebu tulisome begi hilo kwa macho ya mtu mwenye nia mbaya.

Mtu huyo anasimama karibu na duka saa nane mchana watoto wanapotawanyika. Anaita, "Neema! Hujambo Neema? Mimi ni mjomba wako, mama amenituma nikuchukue." Mtoto wa miaka sita atafanya nini? Sisi wenyewe tumemfundisha kumwamkia kila mtu mzima, na kila mtu mzima kwetu ni mjomba, baba mdogo au mama mkubwa. Kwa akili ya mtoto, anayelijua jina langu ananijua mimi. Ataitikia shikamoo na mkono atatoa.

Nisiwatishe kupita kiasi. Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na karibu mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Na miongoni mwa waliotajwa kuwatendea walikuwamo majirani. Jirani hahitaji kusoma begi. Alimjua mtoto tangu anabebwa mgongoni. Ndiyo maana nasema kuficha jina peke yake hakutoshi. Mtoto apewe na kanuni: hakuna kwenda na mtu yeyote, hata tunayemfahamu, kama hakutaja neno letu. Neno hilo mlichague nyumbani, mama na mtoto. Liwe la kuchekesha ili lisisahaulike, kwa mfano jina la ng'ombe wa babu aliyekufa zamani. Anayetumwa kweli kumchukua mtoto atapewa neno hilo. Na umfundishe mtoto kukataa bila kukosa adabu: "Shikamoo mjomba, mama amesema nimsubiri," kisha akimbilie kwa mwalimu au ndani ya duka lenye watu. Watoto wetu wengi wanashindwa kukataa kwa sababu tu wanaogopa kuonekana hawana heshima.

Hatari ya pili haimgusi mtoto mwenyewe, inagusa pochi ya mama, nayo siku hizi imezagaa. Simu inalia, sauti ya haraka inasema, "Mama Fulani? Mimi ni mwalimu wa mwanao wa darasa la tano. Ameanguka, tupo hospitali, daktari anataka vipimo, tuma elfu themanini sasa hivi kwenye namba hii." Jina ni la kweli, shule ni ya kweli, darasa ni la kweli. Mama gani hatatetemeka? Matapeli hawa wanapata habari zao kwa njia nyingi, lakini begi lililoandikwa jina, shule, darasa na simu limewapa zote nne bila jasho. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata kwanza. Mpigie mwalimu mkuu au mwalimu wa darasa kwa namba uliyoihifadhi wewe mwenyewe, si ile iliyokupigia. Hospitali zetu hazikusanyi malipo kupitia simu ya mtu binafsi. Namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwenda 15040.

Je, basi tuache kabisa kuandika? Hapana! Sikilizeni jambo hili nililolishuhudia nikiwa zamu. Aliletwa mtoto wa kiume wa miaka kama saba, amegongwa na pikipiki. Waliomleta walikuwa wapita njia, hakuna aliyemjua, naye hakuweza kusema. Katika faili tuliandika tu "mtoto wa kiume, jina halijulikani". Kumtibu mtoto usiyemjua ni kazi ngumu: hujui kama ana ugonjwa mwingine, hujui dawa ipi humdhuru, hakuna wa kumuuliza. Tulipomvua sweta ili kifua kichunguzwe, tukaona ndani ya kola herufi mbili na namba, zimeshonwa kwa uzi mwekundu. Rangi ya sweta ilitutajia shule. Mwalimu alifungua daftari lake la mahudhurio, akaisoma namba ile, na kabla ya saa moja kupita mama yake alikuwa mlangoni pa wodi.

Angalieni kilichotosha pale: herufi mbili na namba ya mtoto katika daftari la shule. Mpita njia akiziona hazimwambii kitu. Mwalimu zinamwambia yote. Tena zilikuwa ndani ya nguo, mahali ambapo huonekana na yule anayeishika nguo mkononi, awe mwenye kutafuta sweta yake au muuguzi.

Basi alama ikae ndani ya kola ya shati na sweta, ndani ya mkanda wa sketi au kaptula, chini ya ulimi wa kiatu, na kwenye mfuko wa ndani wa begi. Kwa nje, wasiojua kusoma wawekee picha. Mtoto wa awali hajui herufi zake lakini atalijua jani la kijani au samaki aliyeshonwa kwenye begi lake miongoni mwa mabegi arobaini. Picha ile ni yake, na hakuna mtu atakayemwita kwa jina la samaki.

Namba ya simu ya mzazi ikae kichwani mwa mtoto. Mfundishe kwa wimbo mnapotwanga au mnapochambua mboga. Mtoto wa miaka sita anaishika katika wiki mbili. Ajue na majina yake matatu, jina la kijiji na kitongoji, maana mtoto anayejua tu kwamba "mama anaitwa mama" akipotea mnadani anawatesa watu siku nzima. Kwa mdogo asiyeweza bado, karatasi yenye simu ikunjwe na kushonewa ndani ya mfuko wa kaptula. Na zile kadi za shingoni ambazo baadhi ya shule hutoa, zenye picha, jina na simu, mtoto aiingize ndani ya shati mara atokapo getini.

Sasa niseme juu ya magonjwa, kwani hapa naulizwa sana na akina mama kanisani. Mwenye mtoto wa kifafa, pumu, selimundu au anayetumia dawa za VVU hujiuliza: niandike kwenye begi ili asaidiwe? Usiandike. Begi husomwa na watoto wenzake kwanza, na watoto wanajua kuumiza. Lakini kunyamaza nako ni hatari. Nenda wewe mwenyewe kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, au kwa matroni kama ni shule ya bweni, uwaeleze ana kwa ana, uwaachie barua ndani ya bahasha iliyofungwa. Mwalimu wa mtoto mwenye kifafa aelezwe kwamba akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Mwenye selimundu anahitaji maji ya kutosha na joto. Kwake baridi inaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa, kwa hiyo sweta yake ikipotea si jambo la kungoja mwisho wa mwezi. Kuhusu VVU, wewe ndiye unayechagua nani aambiwe, na sheria ya mwaka 2008 inailinda siri hiyo. Ila nawaomba sana, msihamishie vidonge kwenye kopo lisilo na maandishi kwa ajili ya kuficha. Mwenzake akiumwa kichwa usiku atameza akidhani ni Panadol. Dawa ibaki katika chombo chake chenye maelekezo, chombo kiingie ndani ya mfuko wa kitambaa wenye namba ya mtoto tu, na mfuko ukae kwenye kabati la matroni lenye kufuli.

Kuna jambo ambalo akina mama wengi hawajalisikia. Mwaka 2022 Bunge letu lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Kwa hiyo unapojazishwa fomu shuleni yenye maswali ya nyumba nzima, una haki ya kuuliza kwa upole, "Mwalimu, karatasi hii inakaa wapi, na nani huisoma?" Orodha ya majina ya watoto na simu za wazazi haina sababu ya kubandikwa ukutani mwa barabara ya shule. Lakini sheria itakusaidia nini, mama, kama umeyaandika mwenyewe mgongoni mwa mtoto, au umempiga picha siku ya kwanza na nembo ya shule kifuani, ukaituma kwenye makundi matano ya WhatsApp?

Nimalizie na kazi ya mikono. Kwenye nguo, uzi na sindano ni bora kuliko kalamu. Wino wa kawaida hufa katika jua letu baada ya kufuliwa mara chache. Plasta nyeupe ya dukani ikiandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika hushika vizuri ndani ya kiatu, lakini si kwenye nguo ya kufua. Bakuli la uji, kikombe na kidumu cha maji, pasha msumari moto uchore namba chini yake. Fanya nje, maana moshi wa plastiki si mzuri kifuani. Tranka na ndoo ya bweni vitiwe rangi ya mafuta ndani ya kifuniko, au chini. Godoro lishonewe kitambaa kwenye kona ya upande wa chini. Rangi ya kucha hufaa kwa kijiko, rula na mkebe wa kalamu.

Na ukishona herufi, tumia mshono mrefu unaofumuka kwa urahisi. Sweta ya kaka itavaliwa na mdogo wake mwaka kesho kutwa, naye ana herufi zake na namba yake. Kama mtoto wako ana shida ya kutendewa vibaya njiani au shuleni, simu ya watoto 116 hupigwa bila malipo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba hiyo ya 116 ni fupi, mfundishe mtoto pamoja na ya kwako.